Barua ya wazi kwa Creative Assembly na Sega: mlituuzia Kushi bila vita yake

Kwenu wakubwa wa Creative Assembly, watengenezaji wa gemu za vita za Total War, pale Horsham, Uingereza, na mabosi zenu wa Sega kule Tokyo,

Hamjambo jamani. Sisi huku Dar wazima, joto tu ndio linatusumbua, sisi na feni za laptop zetu. Naandika kwa Kiswahili makusudi, tafuteni mtu awasomee, maana sie tumecheza gemu zenu miaka yote hii tukisikiliza majemadari wa Kirumi wakihutubia jeshi kwa Kiingereza na hakuna aliyewasumbua, kwa hiyo leo zamu yenu kidogo.

Ishu ni hii. Kila mara linaibuka swali kama inalipa kutengeneza nyongeza nyingine (DLC, ile sehemu mpya mnayouza juu ya gemu iliyokwisha toka) ya vita vya kale, sijui Roma, sijui Ugiriki, sijui Misri, wakati Total War: Rome II yenyewe ni ya 2013 na nyie mna madragoni ya Warhammer yanayowaingizia hela bila jasho jingi. Kwetu wanunuzi swali ni hilo hilo ila tunaliuliza kutokea mfukoni: nikitoa hela, napata nini ambacho sikuwa nacho? Jibu langu ni kwamba inafaa, tena inafaa sana, ila sio kwa staili mliyotumia kwenye Desert Kingdoms, ile nyongeza ya Rome II iliyoleta Kushi, ufalme wa kale wa Sudan ya leo. Na nyongeza ninayoitaka naijua mpaka miaka yake, ntafika huko, tukumbushane kwanza mlikotoka maana naona kama mmesahau mlivyokuwa mafundi.

Rome: Total War ilitoka 2004, na 2005 mkaleta Barbarian Invasion. Ile ndio nyongeza bwana. Ramani karibu ile ile ya Ulaya na Mediteranea, lakini vita ilikuwa nyingine kabisa. Unaanza 363 BK, Roma imeshakatwa Magharibi na Mashariki, ukishika Magharibi unakuta hazina inavuja, majemadari wako wanakuangalia vibaya, mji huu wa Wakristo mji ule bado wanaabudu miungu ya zamani, ukijenga kanisa hapa umechokoza watu pale. Ukihamia upande wa pili ndio utamu unapoanza, maana kabila likinyang'anywa mji wa mwisho halifi, linageuka msafara mkubwa wa watu wenye silaha wanaotafuta pa kukaa, na kama mji wako uko njiani mwao basi pole yako. Halafu mkaweka vita za usiku, mkaweka vikosi vinavyoweza kuogelea mto badala ya kubanana darajani. Hakuna hata kimoja hapo ambacho ni mapambo, kila kitu kilikulazimisha kufikiri upya, na ndio maana mpaka leo watu wanaikumbuka kuliko magemu mazima yaliyokuja baadaye.

2006 ikaja Alexander, zamu 100, kwenye kampeni unacheza Makedonia peke yake. Ya wikiendi ile, tuiache.

Kwenye Rome II mkawa na bahati nasibu. Mlivyoitoa Septemba 2013 mnajua wenyewe ilikuwaje, patchi juu ya patchi, sitaki kutonesha kidonda, na mwaka uliofuata mkatoa Emperor Edition bure kwa waliokwisha nunua pamoja na kampeni ya Augustus ndani yake, hapo mlifanya kiungwana. Caesar in Gaul ilikuwa ndogo lakini ina akili, ramani ya Galia tu na misimu ya mwaka inapita mbele ya macho yako, baridi ikiingia unajua kabisa huu sio wakati wa kutembeza jeshi. Wrath of Sparta sasa, mashujaa wa mikuki na ngao wanapigana na mashujaa wa mikuki na ngao, ukishinda unaenda kupigana na mashujaa wengine wa mikuki na ngao, historia yenyewe ni kweli ilikuwa hivyo ila mimi usingizi ulinichukua. Empire Divided ya 2017 ikaturudishia heshima, mwaka 270 BK, Kaisari Aurelian kule, malkia Zenobia wa Palmyra huku, dola imepasuka vipande vitatu na kila kipande kina matatizo yake.

Mnaona ninapoelekea. Nyongeza zilizofanikiwa zote zilikuwa na tatizo la kihistoria ndani yake na mkaligeuza tatizo hilo kuwa kitu cha kucheza. Hata wenzenu wa Age of Empires walilijua hili mapema, The Rise of Rome ya 1998 ilileta Warumi na Wakarthago na wengine wawili, sawa, lakini aliyeicheza atakwambia kitu kilichomkosha ni kwamba hatimaye ungeweza kuagiza askari kadhaa kwa mkupuo kambini badala ya kurudi kubonyeza kila anapotoka mmoja. Kitu kidogo kile kilibadilisha gemu nzima.

Sasa tuje Machi 2018, Desert Kingdoms. Siku ya kutangazwa nilifurahi mno, sitaficha. Kushi, Saba ya Yemen, Nabatea ya Petra kule Yordani, na Masaesyli, pande nne mpya za kuchezwa, tatu kati yake zinazunguka Bahari ya Shamu na moja ni Wanumidia wa Afrika Kaskazini. Hatimaye mtu unaanza kampeni ukiwa Meroe, mji mkuu wa Kushi. Kazi ya wachoraji wenu sina neno nayo, nguo, ngao, pinde, majengo, vyote vina heshima, hakuna ile aibu ya gemu ya 2004 ambapo Misri ya akina Ptolemaio mliivalisha kama ya mafarao wa miaka elfu moja nyuma na magari yao ya farasi.

Lakini kampeni yake iko wapi? Haipo. Unachukua Kushi yako unawekwa kwenye ile kampeni kubwa inayoanza 272 KK, kona ya chini kabisa ya ramani, unapigana na Misri, ukiimaliza Misri umefika Mediteranea na kuanzia hapo wewe ni Roma iliyobadilishwa nguo, unakusanya mikoa kama kila mtu anavyokusanya mikoa. Mlisajili wachezaji wa maana halafu mkasahau kuwaandalia mechi.

Na kinachoniuma zaidi, ambacho ndio sababu ya barua hii, ni kwamba tatu kati ya pande hizo nne zilikuwemo kwenye mkasa mmoja wa vita. Mkasa mmoja, ndani ya miaka kama mitano au sita, wenye kila kitu ambacho gemu yenu inakihitaji, na nyie mlikuwa na Kushi, Saba, Nabatea na Roma ya Augustus zote mezani na hamkuunganisha.

Wacha niwasimulie, na wasomaji wenzangu ambao hawakuipata shuleni nao wasikie.

Roma inaichukua Misri 30 KK. Augustus anataka utajiri wa Arabuni, ubani na manemane, kwa hiyo kama mwaka 26 KK anamtuma gavana wake wa Misri, Aelius Gallus, akaiteke Saba kule Yemen. Gallus anaanza kwa kujenga meli za kivita 80, halafu ndio anashtuka kwamba hao anaokwenda kupigana nao hawana hata jeshi la majini la kumtisha, anajenga tena meli 130 za kubeba mizigo, anapakia askari wa miguu kama 10,000, wakiwemo Wanabatea 1,000. Nani hajawahi kuona mchezaji mpya akifanya hivyo? Anamaliza hazina kwenye meli zamu za mwanzo halafu anagundua adui yuko bara. Kiongozi wa msafara ni Mnabatea mmoja anaitwa Syllaeus, na kwa maelezo ya Strabo, mwanajiografia Mgiriki wa enzi hizo, jamaa aliwazungusha makusudi, njia za mawe, sehemu zisizo na maji, ingawa Strabo mwenyewe alikuwa rafiki wa Gallus kwa hiyo na yeye msimwamini asilimia mia, lazima lawama angemtupia mtu mwingine. Wanafika pwani ya Arabuni wameshaanza kuumwa fizi na miguu, wanalazimika kukaa majira mazima wakiuguza watu. Wanasukuma mpaka kwenye mji ambao wengi wanaona ni Marib au jirani yake, wanauzingira siku sita, maji yanaisha, wanageuza. Kwenda miezi sita, kurudi siku 60. Strabo anasema waliokufa kwa kupigana walikuwa saba tu, saba! Wengine wote waliobaki njiani walimalizwa na maradhi, njaa na uchovu.

Sasa huku Misri askari wamepungua kwa sababu wako Arabuni. Nani anaona nafasi? Kushi. Wanashuka na Mto Nile, wanapiga Syene, yaani Aswan ya leo, wanapiga Elephantine na Philae, kikosi cha Roma cha mpakani kinazidiwa, wanachukua mateka na wanaangusha sanamu za Augustus. Anayeongoza ufalme ni Kandake, mama mwenye jicho moja, ndivyo Strabo anavyomweleza, na wengi leo wanamtambua kuwa ni Amanirenas. Waliosoma Matendo ya Mitume wanalijua jina la Kandake kwenye ile sura ya 8 ya towashi wa Kushi aliyebatizwa na Filipo, ila yule ni wa baadaye, maana hicho kilikuwa cheo na walikuwepo kadhaa.

Gavana mpya Petronius anakuja na askari wa miguu pungufu ya 10,000 na wapanda farasi 800, Wakushi wanakadiriwa 30,000, wengi wana ngao kubwa za ngozi ya ng'ombe na mashoka. Uwanjani Roma inashinda, inapanda mto, inachukua ngome ya Premnis ambayo leo ni Qasr Ibrim, inafika Napata, mji mkuu wa zamani wa Kushi. Kandake anatuma ujumbe, anasema nitarudisha mateka na sanamu. Petronius anaibomoa Napata hivyo hivyo. Halafu anaangalia mbele, mchanga na jua, na Meroe bado iko mbali huko kusini, anaamua inatosha. Anaacha askari 400 Premnis na chakula cha miaka miwili, anageuka.

Na Kandake harudi nyuma. Anakusanya jeshi jingine anaiendea Premnis, Petronius anawahi kufika, na hapo badala ya kupigana wanaongea. Wajumbe wa Kushi wanaambiwa kama mna shida nendeni kwa Kaisari, wanajibu hatumjui Kaisari ni nani wala anakaa wapi. Hilo jibu mimi nalipenda kuliko hotuba zote mlizowahi kumwandikia jemadari. Wanapewa watu wa kuwasindikiza, wanamkuta Augustus kisiwa cha Samos, mwaka 21 au 20 KK, na Augustus anawapa walichoomba, mpaka kodi aliyokuwa amewawekea anaifuta.

Na sanamu? Mwaka 1910 John Garstang wa Chuo Kikuu cha Liverpool alikuwa anachimba Meroe, akafukua kichwa cha shaba cha Augustus, kikubwa kuliko cha mtu, macho yake ya kioo na mawe bado yamo. Kilikuwa kimezikwa chini ya ngazi za hekalu, kila anayeingia kusali anamkanyaga Kaisari kichwani. Leo kiko British Museum. Kutoka Horsham hapo kwenda London ni treni tu, nendeni mkakitazame kabla hamjakaa kikao cha bajeti.

Haya niambieni, vita hiyo inakosa nini? Ina pande mbili za bahari, ina msaliti au mtu aliyesingiziwa usaliti, ina malkia, ina dola kubwa ambayo shida yake kuu ni maji na umbali, na ina mwisho ambao mnyonge hakuteka Roma wala Roma haikumteka. Huo mwisho ndio gemu zenu hazijawahi kuuweza. Kwenu ushindi ni rangi yako kuenea kwenye ramani. Kandake alishinda kwa kuifanya Roma ione kwamba kuendelea ni hasara, sasa tengenezeni kampeni ambayo hilo ndilo sharti la ushindi. Ukicheza Kushi huna haja ya kuteka Alexandria, una haja ya kuwafanya Warumi wachoke kabla Meroe haijaanguka, na ukicheza Roma una mfuko wa Augustus ambao una kikomo na gavana ambaye akizubaa anarudishwa nyumbani.

Na jangwa. Kwenye Rome II jangwa lipo, jeshi likikaa linapungua kidogo kidogo, lakini ni namba inashuka tu, unaongeza askari mji unaofuata maisha yanaendelea. Mimi nataka maji yawe ndio hela ya kampeni hii. Visima vyenye mwenyewe. Wakushi walikuwa wanachimba mabwawa makubwa ya kukinga mvua, hafir zinaitwa, lile la Musawwarat es-Sufra mabaki yake yapo mpaka leo, basi hizo ndizo ziwe majengo yangu ya kimkakati, nizijenge, nizilinde, na adui akikaribia niamue kama naziharibu mwenyewe au nacheza kamari. Nile nao usiwe mchoro wa bluu. Una maporomoko sita kuanzia Aswan kuja juu mpaka karibu na Khartoum, mashua zikifika pale zinakwama au zinabebwa na watu, Napata iko jirani na lile la nne, Meroe iko kati ya la tano na la sita, yaani ramani imeshajipanga yenyewe kwa ngazi, kila poromoko ni mlango, na kila mlango unamgharimu anayepanda. Syllaeus mpeni mchezaji wa Roma kama kiongozi wa njia, asijue kama anaongozwa au anapotezwa, na mchezaji wa Nabatea ndiye awe anaamua, polepole, bila kugundulika. Hapo ndio mtu ataichukua Nabatea kwa sababu ya Nabatea na sio kwa sababu ya kofia zao.

Siasa za ndani ya Kushi pia zipo, tena za moto. Diodorus anasimulia mfalme Ergamenes, ambaye kabla yake makuhani walikuwa na mamlaka ya kumtumia mfalme ujumbe kwamba miungu imesema ufe, na mfalme anakufa kweli. Yeye akaingia hekaluni na askari akawamaliza. Ni simulizi ya Mgiriki aliyekuwa mbali, sawa, ila mfalme Arkamani anayedhaniwa kuwa ndiye huyo alikuwa wa kwanza kuzikwa Meroe, na hiyo ni miaka ile ile ya 270 KK ambayo kampeni yenu kubwa inaanzia. Mlikuwa nayo mkononi, mfalme wa Kushi na makuhani wa Amun wanapimana ubavu, na kwenye gemu imekuwa asilimia mbili ya furaha ya raia.

Kitu kingine mlichonacho tayari ni wanawake majemadari. 2018 watu walipowashambulia kwa hilo wakawapa alama mbovu kwa hasira, nyie wenyewe mlieleza kwamba kwa Roma na Ugiriki hawatokei, ila Kushi ndio wanatokea nusu kwa nusu. Mlikuwa sahihi. Sasa kwa nini mliishia kwenye asilimia? Mlikuwa na mwanamke halisi, mwenye jicho moja, aliyepigana na Petronius, mngemweka mbele ya kampeni nzima kelele zote zile zingekosa pa kushika.

Najua mtasema nini. Mtasema soko. Mtasema Kushi haiuzi, Roma ndio inauza, mtu ananunua Kaisari na Hannibal. Mimi nasema hamjawahi kuiuza Kushi, mmeiuza ngozi yake. Chema chajiuza, na Total War: Pharaoh imewafundisha upande wa pili wa methali hiyo, mlipoitoa Oktoba 2023 kwa bei ya juu watu wakaikwepa, Desemba ile ile mkashusha bei na kuwarudishia sehemu ya hela waliowahi, halafu Julai 2024 mkatoa Dynasties bure kabisa na kuleta Babeli, Ashuru, Mycenae na Troya, na ghafla watu wale wale waliokuwa wanawasema wakaanza kusema aisee hii ndio tungepewa tangu mwanzo. Vita ya kale ilikuwa ile ile, Misri ni ile ile. Kilichobadilika ni kwamba safari hii kulikuwa na kitu ndani.

Mtasema pia Rome II ni mzee, injini imechoka. Kweli, na vita za kuzingira miji kompyuta bado inapanga jeshi kama walevi. Lakini 2017 na 2018 mlirudi kwake, miaka minne baada ya kutoka, na watu wakarudi pamoja na nyie. Na kama hamtaki kugusa Rome II, vipande vyote mnavyo kwenye Pharaoh, Nile imeshachorwa mpaka Nubia, dhoruba za mchanga zinaingia katikati ya vita, mali zimegawanywa chakula, mawe, mbao, shaba na dhahabu, ongezeni maji tu. Mimi sina shida mtumie ipi. Shida yangu ni msije mkasema vita vya kale havilipi wakati mlichojaribu kuuza mara nyingi ni nguo.

Maana nguo wapo wanaozishona bure. Divide et Impera, modi ya Rome II, imetengenezwa na wachezaji wanaopenda tu, wamebadilisha vikosi, vifaa, chakula cha majeshi, idadi ya watu, hawamtozi mtu senti. Nyie mkitoza, tozeni kwa kile wasichokiweza wao, kampeni nzima, ramani yake, sauti, mifumo inayohitaji mtu wa kuingia ndani ya injini. Vikosi sita vipya na bendera tutavipata tu hata msipotoa.

La hela nalo niliseme haraka maana linachosha. Huku Tanzania na Kenya Steam, lile duka la gemu la mtandaoni, inatutoza kwa dola, hakuna bei ya shilingi, kwa hiyo nyongeza ambayo kwenu ni hela ya chakula cha mchana kwetu ni hesabu ya familia, unaweka na bando la kushusha makumi ya GB juu yake. Ndio maana mtu wa huku akinunua DLC anauliza maswali mengi kuliko mtu wa London, sio ubahili. Mkiweza kuongea na Steam kuhusu bei za huku mtauza nakala ambazo leo hamziuzi kabisa, maana wanaozitaka wapo, wanaicheza kwa njia zingine ambazo sote tunazijua na sitazitaja.

Na kabla mtu hajanijia juu kwamba namtaka Mswahili kwenye kila gemu, hapana, siombi mtuwekee Kariakoo. Ila kama mtachora Bahari ya Shamu basi mjue biashara yake haikuishia pale mlipokata ramani. Periplus, ule mwongozo wa mabaharia wa karne ya kwanza BK, unashuka na pwani yetu mpaka soko la mwisho linaloitwa Rhapta, pembe za ndovu na magamba ya kasa vinatoka, mikuki iliyotengenezwa Muza huko Yemen inaingia, na mabaharia wa Kiarabu wameoa huku na wanajua lugha ya watu wa huku. Ukicheza Saba hiyo ni njia ya mapato, mstari mmoja tu unaotoka chini ya ramani na kuleta pembe kila msimu wa upepo. Sihitaji zaidi ya hapo. Ila mkiuweka nitawatumia zawadi.

Masaesyli sijawasahau, wale mambo yao na wafalme Syphax na Masinissa ni ya vita ya Hannibal, karibu miaka 200 nyuma, kwa hiyo kwenye kampeni hii hawaingii na msiwalazimishe. Wapeni yao siku nyingine.

Kwa hiyo naomba mambo machache tu. Kampeni ya miaka ya 26 mpaka 20 KK, Roma, Kushi, Saba na Nabatea, maji ndio kiini chake. Waliokwisha nunua Desert Kingdoms wapewe punguzo, maana nusu ya gharama walishalipa 2018. Mtangaze kilichomo chote na bei yake kabla ya kufungua oda za mapema, sio trela la dakika mbili lenye moshi na mtu anapiga kelele. Na kwenye timu yenu mtafuteni Msudani anayeijua Meroe, wapo wanaakiolojia wa Kisudani, vita ya sasa imewatawanya na makumbusho ya Khartoum imeporwa, kazi wanaihitaji na nyie mnawahitaji zaidi.

Mkisema hapana pia semeni, mtuambie kwamba vita vya kale mmefunga, tujue, tubaki na modi zetu.

Wenu,
mchezaji wa Total War, Dar es Salaam

Tena: tembo wa Afrika msije mkawapa nguvu sawa na wa India kama kawaida yenu. Polybius, mwanahistoria Mgiriki, anasema kwenye vita ya Raphia 217 KK Ptolemaio wa nne wa Misri alikuwa nao 73 dhidi ya 102 wa mfalme Antiochus, na wengi wa kwake walikataa hata kusogea, harufu na milio ya wale wa India iliwatosha. Kama mtampa Kandake tembo, wapeni na woga wao.